Mlango Usiopigwa Komeo

"Cebolla," alisema mume wangu.

"Cebolla," nikaitikia, kisha nikabaki nimesimama kando ya kitanda namkodolea macho, maana sikujua nimekubali nini.

Akangoja. Mkono wake mmoja, ule uliobaki na uhai, ulikuwa ukikatakata hewa juu ya shuka. Nikampa maji, akatikisa kichwa. Nikamgeuzia mto, akafumba macho taratibu, kama mtu aliyeletewa kibarua mzito kazini na hana pa kumrudisha. Kumbe kilikuwa kitunguu. Alikuwa ananiagiza kitunguu, mzee wa watu, katika jiko la meli ambayo ilishakatwa vyuma chakavu zamani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza Kihispania, mimi mwenye wajukuu, mwenye madarasa machache ya msingi ambayo hata hayo niliyapata kwa kuruka ruka, leo shule, kesho kubaki nyumbani kumlea mdogo wangu.

Mtaani walimwita Nahodha. Hakuwa nahodha. Alikuwa mpishi, lakini aliporudi na kofia yake nyeupe na begi begani watoto walimpigia saluti, naye hakuona sababu ya kuwavunjia furaha. Ujana wake na utu uzima wake aliumaliza majini, akipikia mabaharia ambao wengi walizungumza Kihispania. Nyumbani alizungumza Kiswahili, tena kidogo. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimpikia akapenda, alisogeza sahani mbele aongezewe, na hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Kisha akastaafu, na siku si nyingi kiharusi kikamwangusha bafuni. Alipozinduka hospitalini Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote, hata jina langu, kimebaki Kihispania tu. Daktari alisema hutokea, mara chache. Kichwa cha mtu ni kama nyumba, ukuta mmoja ukianguka chumba cha pili chaweza kubaki kimesimama. Wifi yangu, dada yake mkubwa, hakutaka habari za kuta.

"Huyu amepagawa," alisema, amejishika kiuno mlangoni. "Pepo wa kigeni huyu. Msikilize."

"Kama ni pepo, wifi, basi ni pepo mwenye njaa," nikamwambia. "Nipishe nimlishe."

Tulimrudisha nyumbani kwenye machela. Hapo lazima nieleze habari za mlango wetu, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo.

Mwanzo wa ndoa yetu aliwahi kurudi usiku bila taarifa, maana meli hazina adabu ya kupiga hodi. Akakuta nimefunga kwa ndani. Mtoto alikuwa mchanga na mgonjwa. Akamsikia analia, akasikia ananyamaza, akaona vibaya kugonga amwamshe. Asubuhi nilipofungua nikamkuta amelala kizingitini, begi chini ya kichwa, umande kwenye nyusi. Aliinuka, akajipangusa umande, akaingia. Ila tangu siku hiyo, akiwa safarini, sikupiga komeo tena. Niliurudishia tu mlango. Kuku waliingia, mbwa wa jirani aliingia, mwizi naye akaingia akaniondolea jiko na beseni la kufulia. Wifi alinicheka: "Nyumba yako soko." Nikasema acha iwe soko. Naye kila aliporudi alisukuma tu, akatua begi ukumbini, na nikiwa bado jikoni nasikia sauti yake: "Funga mlango. Nimeshaingia." Ndipo nilipokwenda kusukuma komeo, na usiku huo nililala usingizi wa kitoto.

Siku ile ya machela alipita mlangoni akitazama dari. Lile neno lake la kufunga mlango halikuja. Basi komeo likabaki lilivyo, na mimi mwenyewe sikujua kama nimelisahau au ninalingojea.

Aliyenifungua macho ni fundi mitambo mmoja aliyesafiri naye miaka mingi. Alikuja kumjulia hali, wakaongea wawili wale kwa ile lugha yao, wakacheka, mume wangu akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokubali. Mimi nimesimama na sinia la chai kama mgeni katika nyumba yangu.

"Shemeji," fundi akaniambia tukiwa uani, "yeye anajua yuko kazini. Wewe anakuona msaidizi wake wa jikoni."

"Msaidizi?"

"Tena anasema wewe mzito, lakini una moyo."

Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa upindo wa kanga, na sikuwa nafuta kicheko peke yake. Fundi akanieleza desturi ya kule. Jiko la meli lina kelele, mitambo inanguruma, masufuria yanagongana. Kwa hiyo mpishi akisema jambo, msaidizi hulirudia neno kwa neno kabla hajainua mguu, mpishi ajue limefika. Asiyeitikia hana kazi. "Wewe itikia tu, shemeji. Hata usipoelewa. Ataona mambo yanakwenda, atatulia." Akatuaga, akahamia mbali kwa mwanawe, na sikupata tena mtu wa kumuuliza.

Nikawa naitikia. Chumvi, maji, kisu, moto punguza. Mjukuu wangu, msusi, akaniwekea masomo kwenye simu. Simu ile ilinifundisha kwamba mvulana anakula tofaa na kwamba farasi wa mwalimu ni mweupe, na kila nikipatia inanipigia vigelegele. "Bibi, mnapendwa huko!" mjukuu akanitania. Lakini mgonjwa wangu hakuwa na farasi. Nilitaka kumuuliza mgongo unauma wapi. Kwa hiyo nikawa nachota kwenye simu, nachota kwake, nafuta vumbi huku nasema peke yangu, nachambua mchele huku nasema. Wifi alipita akanisikia, akatikisa kichwa: sasa wamekuwa wawili.

Siku niliyojifunza kusema "mimi ni mke wako" nilioga, nikavaa gauni zuri, nikajipaka mafuta. Nikaketi mbele yake, nikaisema pole pole nisiivunje. Soy tu mujer.

Alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, akanipiga piga mkono kwa huruma kama unavyomtuliza kijana wa kazi aliyelewa. Kisha akaniagiza kitunguu.

Nikaitikia. Nikaenda nikakimenya.

Alifariki mchana, jua likiwa la kukausha nguo kambani. Nilikuwa namlisha supu. Alisukuma kijiko kwa ulimi, akageuza uso kuelekea mlangoni, kisha akazungumza. Hayakuwa mambo ya chumvi wala moto. Lilikuwa jambo refu, na alinipa kipande kipande kama mtu anayemkabidhi mwenzake vyombo vya udongo. Kila kipande nilikirudia, naye akangoja nikirudie vizuri, na nilipokosea alikisema tena. Niliokota mawili tu humo: mi mujer. Mke wangu. Mengine yalinipita. Nilipomaliza yote alishusha pumzi, akasema, "Eso." Ndivyo hivyo. Akalala. Supu ikapoa mkononi mwangu, na nilipomgusa nikaelewa.

Baada ya kuzika, wifi alikaa na mimi jikoni. Nikamsimulia, kwa sababu moyo ulikuwa umejaa. Akaokota punje ya mchele sakafuni.

"Alikuwa anakuona wewe ndiye mke wake?" akauliza.

"Mimi aliniona msaidizi."

"Basi huyo mke alikuwa wapi?" Akaitupa ile punje nje. "Wifi, hawa watu wa meli. Usijifanye hujui. Mtu amekaa kwa watu maisha yake yote, kaota lugha yao mpaka imemzidi ya mama yake. Unadhani huko alikuwa analala kwenye sufuria?"

Alikuwa analia aliposema hivyo, alikuwa amempoteza mdogo wake, simlaumu. Lakini neno likishatoka halina pa kurudi, na lile lilitafuta mahali kifuani mwangu likajitandikia.

Kwa hiyo nilikuwa na ujumbe mdomoni ambao huenda ni wa mwanamke mwingine, ng'ambo ya maji, na mimi ni tarishi tu. Mjukuu akanionea huruma. "Bibi, semeni hapa kwenye simu, itatuambia sasa hivi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniambia mimi. Niache nifike mwenyewe."

Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba mtu anayejifunza pole pole anapewa nafasi ya kuogopa pole pole.

Watu hudhani lugha ukishaipata imekwisha, umeiweka kabatini. Si kweli. Lugha isiyo na wa kuisema naye inakauka kama donge la unga. Nilikuwa nimezoea kuitikiwa na kuitikia. Sasa nasema "maji" na nyumba kimya. Neno la kijiko likanitoka, nikalitafuta wiki nzima. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilisema ule ujumbe wote kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayehesabu watoto wake. Kisha nasikiliza somo. Pakatokea somo la safari, watu na mabegi yao, nikajua kipande cha kwanza: tukifika. Likatokea somo la mama na wanawe, nikajua cha pili: mwambie.

Tukifika, mwambie mke wangu.

Nikaizima simu.

Nilikaa hivyo masika yote. Sikutaka kujua tutafika wapi. Simu ikawa inawaka yenyewe, inaniambia imenikosa, rudi tujifunze. Nikaifunika kwa kitambaa kama kasuku. Nililima matuta ya mchicha uani, nilifuma vitambaa vya viti ambavyo hakuna anayevikalia. Kihispania nilikiacha kiote kutu, na kwa kweli niliona nafuu, ile nafuu ya mtu aliyeacha kukanda kidonda.

Kisha asubuhi moja nikafungua mdomo niseme ule ujumbe, nikafika katikati, na mbele hakuna kitu.

Nikarudi mwanzo. Tukifika, mwambie mke wangu... Hakuna. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Wivu wote uliniondoka, naapa. Hata kama ni wa mwanamke mwingine, hata kama ana watoto kumi, huyu mtu alinikabidhi kitu chake cha mwisho na mimi nimekitupa kwa kununa. Nikaenda jikoni nikachukua bakuli lile lile la supu, tupu. Nikaketi kwenye kigoda kile kile kando ya kitanda kisicho na godoro, nikashika kijiko. Nikageuza uso mlangoni kama alivyougeuza.

Na mdomo ukakumbuka. Kichwa hakikukumbuka, mdomo ndio uliokumbuka, kipande kwa kipande, na pale nilipokosea nilimsikia akikisema tena.

Siku hiyo nikaifunua simu. Ikanipigia vigelegele kwa kurudi tu.

Nilianza upya kutoka kwa mvulana na tofaa lake. Nilisoma jua likiwaka na mvua ikinyesha, nikasikiliza redio za huko kwenye simu ya mjukuu wateja wake wakingoja zamu, wakanizoea, mmoja akaniita Bibi Hispania. Mwaka ukageuka. Na alasiri moja, nimeinamia mchicha, simu mfukoni, likaja somo la nyumba. Yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye sauti ya mtu aliyeshiba, akataja dirisha. Nikaitikia. Akataja meza. Nikaitikia. Akataja mlango.

La puerta.

Nikaitikia, na jembe likanianguka.

Nilikijua hicho. Nilikuwa nacho mdomoni kila asubuhi. Nikabaki nimeinama vile vile, naogopa nikinyooka kitamwagika. Mwanamke akaendelea: fungua mlango. Funga mlango. Na kipande cha mwisho sikuhitaji somo, kilikuwa lugha ya sufuria, neno alilolisema kila nilipotia mboga, ila hapa lilijificha kati ya mengine: ndani. Yuko ndani tayari.

Tukifika, mwambie mke wangu afunge mlango. Mimi nimeshaingia.

Nilikaa chini kwenye tope. Huko ng'ambo labda kuna milango elfu. Lakini ni mlango mmoja tu duniani ambao haukufungwa kwa ajili yake, na sikuwahi kumwambia kwa nini siufungi, wala yeye hakuniambia kwamba anajua.

Komeo lilikuwa limeshikwa na kutu. Nilileta mafuta ya kupikia, nikalipaka kwa unyoya wa kuku, nikaliacha linywe. Nikajaribu, likagoma. Nikapaka tena. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa ukuta wa jirani lilipokubali, likatoa sauti moja ya kukoroma, likaingia tunduni mwake. Nikasimama nimeliwekea mkono. Kisha nikaurudia ujumbe, wote, kwa sauti, neno kwa neno, kama inavyotakiwa, ajue umefika.

Mjukuu aliporudi kutoka kazini alisukuma kama kawaida yake, akagonga paji la uso.

"Bibi! Mpo? Mbona leo mmefunga?"

Nikamfungulia. Alikuwa anajisugua paji, mfuko wa mikate mkononi, anataka kucheka na hajui kama acheke.

"Babu yako ameshaingia," nikasema.

Akavua viatu, akanipa mikate. Halafu akageuka, akalisukuma komeo mwenyewe.