Mashangazi Kwenye Posa ya Tuhfa

Jumapili washenga wa Mwera walipokuja Usagara kumposa Tuhfa, baba yake, Haroub, alikuwa ameshatandika mikeka miwili na kununua kilo nzima ya sukari. Ndiyo kwanza sukari ilikuwa imerudi madukani. Chai ilipoanza kumiminwa wakaingia dada zake watatu, waliokufa kwa maradhi ya matiti, kila mmoja kabla hajatimiza miaka arubaini. Wakavua kandambili mlangoni, wakaketi.

"Shikamooni," alisema mshenga, akakunja miguu kuwapisha. "Hawa nani, sheikh?"

"Dada zangu. Marehemu."

"Mungu awarehemu. Waliondoka kwa maradhi gani?"

"Homa," alisema Haroub.

Asmahani, mkubwa wao, alivuta ushungi akafunika upande wa kifua uliokuwa bapa. Mtu hamuumbui ndugu yake mbele ya wakwe, hata kama mwenyewe keshazikwa. Wakanywa chai kimya, vijiko vinne vinne vya sukari, masikini, maana walikufa miaka ya foleni. Posa ikakubaliwa.

Wageni walipoondoka, Asmahani aliweka kikombe chini. "Haroub, lile lililotuua tulilirithi kwa mama. Nawe unalo."

"Mimi mwanamume, dada. Maradhi ya matiti nayapatia wapi?"

"Kwako limelala tu. Lakini huyu mtoto huenda kalichukua. Awe anapimwa kila mwaka, likianza lionekane lingali dogo. Sisi tulifika hospitali tumechelewa."

Tuhfa alikuwa akikusanya vikombe, na alisikia yote. Akaviweka chini.

"Baba, nipeleke."

"Wakwe wakisikia? Nani ataoa kwenye nyumba ya maradhi? Olewa kwanza, mwanangu. Na usimwambie mtu."

Haroub hakuwa mtu mbaya, jamani. Majeneza yote matatu aliyabeba yeye, na alilia kila safari. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote, na alitaka aolewe.

Tuhfa akaolewa Mwera. Mashangazi wakawa wanakwenda huko kila Jumapili, wakimsaidia kuchambua mchele. Mumewe, Sabiri, kijana wa adabu, aliwazoea na kuwawekea sukari yao. Kila wiki Asmahani alisema, "Mwambie mumeo akupeleke." Kila wiki Tuhfa alijibu kwamba amemwahidi baba.

Mwaka wa nne alijifungua binti. Siku ya arubaini Haroub alikuja, na Tuhfa akamwita jikoni.

"Baba, leo namwambia Sabiri. Nimechoka."

Haroub alichungulia ukumbini, ambako mashangazi walikuwa wakimpakata mtoto kwa zamu.

"Na huyu naye atakapokuja kuposwa?" aliuliza taratibu. "Unamfungia mlango tangu leo?"

Tuhfa akachukua birika, akaenda kummiminia Sabiri chai, asimwambie kitu. Uvimbe ulikuwa kwapani mwake tangu mwezi wa Rajabu, mdogo kama punje ya mbaazi, na waliojua walikuwa wale marehemu watatu tu.