Ghala Lisilofiwa

Mambo yaliharibika Jumanne, siku binti wa fundi viatu alipoingia ndani na aproni ya ghala la tumbaku begani. Fundi aliitambua. Kile kiraka cha mfukoni alikishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, enzi marehemu mkewe akichambua majani kule.

"Nimepata kazi, baba. Naanza kesho."

"Huendi."

"Tutakula nini, soli?"

"Mama yako alikohoa mpaka akaisha."

"Mama hakuwahi kushika sigara. Nithibitishie kwamba ghala ndilo lililomuua, nairudisha hii aproni leo hii."

Mtoto kamshika pabaya. Uthibitisho hakuwa nao. Alikuwa na kaburi tu. Akafunga kibanda chake, akaenda ofisi ya afya kutafuta hizo takwimu za vifo vya tumbaku ambazo redioni hawaishi kuzitaja.

Bwana afya alikuwa anakunywa chai. Nyuma yake ukutani ilining'inia kalenda ya kampuni ya sigara. Fundi akaitazama, akajisemea: kesi ya nyani nimemletea ngedere.

"Karibu, mzee wangu. Shida?"

"Nataka kujua tumbaku imeua wangapi hapa kwetu. Wanaoivuta, na wanaoichambua."

Bwana afya akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena. "Wavutaji wapo wapo. Wa ghalani, hakuna. Sifuri! Mzee, lile ghala lina afya kushinda soko la mboga." Akacheka peke yake.

"Na mke wangu?"

"Alifia wapi?"

"Kijijini kwao. Msimamizi wa ghala alimpa nauli akapumzike, kifua kitulie."

"Basi huyo si wetu. Sisi tunahesabu wanaofia hapa."

Fundi akamkumbuka mama aliyepima majani kwenye mizani ya ghala. Akamkumbuka Kicheko, aliyekaa meza moja na mkewe. Wote walikohoa, wote wakapewa nauli wakafia makwao, na mtaa mzima ukamsifu msimamizi kwa utu wake.

"Kumbe nauli ndiyo dawa yenu," alisema. "Anayekohoa anasafirishwa, hesabu zinabaki na afya njema."

"Chunga mdomo, mzee. Takwimu hizi zimepitishwa na wakubwa."

"Wakubwa gani? Hao waliokupa kalenda?"

Bwana afya akasogeza kiti kuiziba. Ilikuwa kubwa kuliko mgongo wake.

Nyumbani, fundi alimweleza binti yake yote, bila kuongeza chumvi. Alitarajia ubishi. Binti akaketi taratibu, aproni mapajani.

"Msimamizi hakuniuliza najua kazi gani," alisema. "Aliniuliza kwetu ni wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Nikamtajia kijiji cha mama. Nikaona huyu bwana ana huruma."

Fundi akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Na huko makwao wanakozikwa, baba, nani anawahesabu?"