Pumzi ya Ubeti wa Tatu

"Usijipinde, nitakuchoma," mama alinong'ona, pini zikiwa zimebanwa midomoni.

Binti alijinyoosha mbele ya kioo. Gauni jeusi la jukwaani lilimpwaya tumboni, ingawa mabegani lilimkaa utadhani alishonewa yeye. Lilikuwa la mama. Zamani mshona nguo huyu aliitwa Radi, na jina hilo hakupewa kwa mzaha: aliimba roki mbele ya magitaa yaliyounguruma, na sauti yake ikayapita yote. Kisha kansa ikamkaa kooni. Madaktari waliokoa maisha, sauti ikawashinda. Siku hizi wateja wageni humsogezea sikio ndipo wamsikie.

Sauti ile ilibaki mahali pamoja tu, kwenye wimbo ambao bendi yao iliurekodi na redio hazijachoka kuupiga. Ndio huo binti yake aliokuwa ameuimba upya.

"Jana wameuonjesha redioni," binti alisema, akimtazama mama kiooni. "Mtangazaji kasema..." Akasita.

"Kasema wako umeupita wangu. Nimesikia. Lililokufa ni koo, masikio ninayo."

Binti alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Mama, ukisema nisiutoe, siutoi. Kweli tena. Ila leo studio wanataka jibu."

Mama alizitoa pini mdomoni, akapiga magoti, akaanza kuufumua mshono wa ubavuni kwa wembe. Alipenda kufumua nguo ikiwa mwilini, aone inavyoanguka. Jibu alilokuwa nalo lilimtia aibu. Alitaka kusema hapana. Watu wakishauzoea huu mpya, ule wa zamani utasahaulika, naye atakuwa amenyamaza mara ya pili. Alikuwa akimwonea wivu mtoto wake wa kumzaa, na wivu huo alikuwa ameshindwa kuumeza.

"Niwekee niusikie wote," alisema hatimaye.

Binti aliiweka simu juu ya meza ya cherehani. Yale magitaa mazito hayakuwapo. Lilikuwapo moja, likipigwa polepole, na juu yake sauti ya chini isiyogombana na mtu. Mama aliuimba wimbo ule kwa hasira. Binti aliuimba kama mtu ambaye hasira zimemwisha, amebaki na upweke. Mtangazaji hakudanganya. Machozi yakamlenga mama, wala hayakuwa ya furaha.

Ubeti wa tatu ukafika kwenye ile sauti ndefu ya kupanda. Katikati yake binti akakatisha, akavuta pumzi fupi, akaendelea.

Wembe ukasimama kwenye uzi.

"Zima kwanza. Mbona umepumua katikati? Pumzi unazo, nakujua."

"Si ndivyo ulivyo? Wewe unapumua palepale. Nimeujua hivyo tangu mdogo." Binti alikunja uso. "Hata fundi mitambo kapaona. Anasema ni kosa, anataka apafute. Nikamwambia akipafuta, wimbo hautakuwa wenyewe."

Mama alikitazama kipande cha kitambaa alichokuwa akikifumua. Weusi wake ulikuwa umepauka tofauti na gauni lote. Alikiongeza mwenyewe pale ubavuni siku chache kabla ya kurekodi, ili gauni limtoshe.

"Nilikuwa na wewe," alinong'ona. "Tumbo lilikuwa huku." Akaonyesha kwa mkono, mbali. "Ukanipiga teke la mbavu, pumzi ikakatika. Marehemu baba yako nusura aliangushe gitaa. Tulitaka turudie, umeme ukakatika, basi wakautoa hivyohivyo. Miaka yote hii nikipasikia pale naona haya."

Mkono wa binti ulishuka taratibu hadi tumboni, penye ile nafasi tupu ya gauni.

"Mwambie huyo fundi asiguse," mama alisema.

"Kwa hiyo niutoe?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Bado ilimuuma, akaiacha imuume. Alikivuta kile kipande kikatoka chote, na badala ya kukitupa kwenye kapu la vitambaa, akakikunja na kukiweka mapajani.

"Rudisha mwanzo wa ubeti."

Wimbo ukaanza tena. Mama alitunga uzi kwenye sindano, akazishika pamoja pande mbili za gauni, akaanza kushona. Sauti ndefu ilipoanza kupanda, mkono wake ulitulia. Ilipofika pale, akavuta pumzi pamoja na binti yake, akaishikilia.