Koti Lenye Vifungo Vinne

Kila asubuhi binti mwosha vyombo wa maabara alimkalisha baba yake kwenye kigoda kando ya karo, akamfunga taulo shingoni, ndipo akaanza kusugua chupa. Nyumbani hakukuwa na wa kumwachia. Mzee alikuwa fundi cherehani aliyetajika, ila sasa mikono yake ilitetemeka mpaka kikombe cha chai kilimfika mdomoni kikiwa nusu.

Jumanne karo liliziba, maji yakafurika. Binti akamhamishia baba chumba cha ndani, penye visahani vya kuvu iliyotolewa kwenye sponji, viumbe vya chini ya bahari. Profesa alikuwa na mwaka wa tisa akitafuta ndani ya kuvu hiyo dawa ya ugonjwa wa kutetemeka.

Mzee alipoketi, mikono yake ilitulia tuli. Visahani vikaanza kutetemeka badala yake, vifuniko vikigongana.

Mzee aliomba sindano. Akatunga uzi mara moja tu, akauliza kama kuna cha kushona. Lilikuwepo koti jeupe la profesa, vifungo vyote vitano vimeng'oka. Binti alimtazama akishona cha kwanza, kisha ikabidi aende kunawa uso, maana furaha ile hakuwa ameizoea.

Profesa alifika, akainamia hadubini, akanuna. Picha zote zilikuwa na ukungu, na mkutano wa kuomba kibali cha kuendelea na utafiti ulikuwa Ijumaa.

"Nani anatikisa visahani?"

"Ni baba, Profesa. Mikono yake imetulia."

Profesa aliitazama ile mikono, akakiri kwamba kweli imetulia. Akaeleza kwa upole kuwa kujaribu kwa binadamu ni hatua ya sita, wao wako ya pili, na hatua hairukwi.

"Mtoe tu. Nahitaji picha safi."

"Mwanangu, bado kimoja," mzee alisema.

Binti alimshika mkono. Walipovuka kizingiti tu, mkono ule ulianza tena kutetemeka ndani ya wake, na sindano ikaanguka sakafuni.

Picha zilitoka safi. Jumatatu profesa alirudi kutoka mkutanoni uso umemkunjuka: ameruhusiwa kuendelea kutafuta miaka mingine tisa. Akamkabidhi binti koti lake. Vifungo vinne vimekaa imara, alisema, kazi ya mtu anayejua kazi. Amtafutie fundi amalizie cha tano.

Binti alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika msumarini juu ya karo. Mzee alilitazama koti, kisha akaingiza mikono yake chini ya taulo.