Uso wa Scolastika Bado Uko Gizani

"Mimi nimekufa lini, Gaudiosa? Nitajie siku na mimi nijiandae."

Scolastika alisimama uani kwa jirani yake, mikono kiunoni. Asubuhi hiyo wanawake wa jumuiya walikuwa wamefika kwake na kuni na unga wa msiba, wakamkuta marehemu mwenyewe anageuza kahawa mkekani. Walikuwa wameiona picha yake imeanikwa barazani kwa Gaudiosa: uso mweusi tii, hauna jicho wala pua. Wakajua mtu kaondoka.

"Haijaisha, Mama Valence. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Na nani, mchawi?"

"Na Mwalimu Othmar."

Hapo Scolastika akapunguza sauti. Tangu biashara ya kahawa iachiwe watu binafsi, ghala moja lililobaki tupu pale Mbinga mjini liligeuzwa nyumba ya kuchorea picha, na Othmar, ambaye kazi zake zimetundikwa hadi ng'ambo, alikuwa akifundisha watu wazima humo kila jioni. Mbinu yake aliitoa kwa wachoraji wakubwa wa zamani: unaanza na giza tupu, kisha unaileta nuru taratibu, rangi juu ya rangi. Kesho anarudi Songea. Scolastika asipokaa tena kuchorwa, Gaudiosa atampelekea mwalimu giza lake.

"Kaa kidogo tu. Ukijiona bado maiti, ichome."

"Nitaichoma." Lakini alishavuta kigoda.

Gaudiosa akachanganya manjano na nyeupe, akagusa pale penye shavu.

"Umefika wapi?"

"Shavuni. Tulia."

"Pua isije ikawa ya shangazi yangu."

Hata Gaudiosa mwenyewe hakujua ingekuwa ya nani. Kila alipoweka doa la nuru, mtu alizidi kusogea mbele kutoka kule nyuma, naye akaongeza jingine ili amwone.

Alipomgeuzia picha, Scolastika akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa rangi. Jicho moja lilikuwa linamtazama kama linataka habari za mtu.

"Ndivyo ninavyotazama?"

"Ukisikia watu wananong'ona, ndiyo."

"Na upande huu mbona umeuacha gizani?"

"Mwalimu anasema si lazima kuonyesha kila kitu."

"Huyo hajakaa na mimi." Akainuka, akakung'uta kanga. "Mdomo bado. Beba rangi zako uumalizie kwangu, nyumba imejaa watu wanaongoja kuona kama napumua."

Mlangoni kwake harufu ya usipa, dagaa wa ziwani kutoka Mbamba Bay, iliwapokea. Gaudiosa akasita, mikono yake imejaa rangi.

"Nawa hapo," Scolastika alisema, akimsogezea ndoo. "Ingia tule."