Vidole Vitatu Juu ya Tangi la Maji

Feza hakuwa mwanamke wa kuchungulia lupango ya watu, yaani ua wa nyumba zao. Alilisema hilo mwenyewe, tena kwa kuapa, huku jicho lake limebanwa kwenye tundu la uzio wa matete. Upande wa pili, katika lupango ya jirani, mzee Philémon alikuwa anapanda tena kichuguu. Jioni ya tano mfululizo! Mzee wa watu, miaka sabini na ushee, mwalimu mstaafu, mwimbaji wa kwaya ya Wametodisti, anakwea kichuguu kirefu kuliko nyumba yake kama mbuzi. Kuna nini huko juu?

Feza alijua kuna nini. Ukisimama juu ya kichuguu kile ukaelekea machweo, unauona uwanja wa ndege wa kambi: njia ya kurukia, tangi la maji juu ya nguzo zake, na kibanda cha zamu kando ya waya. Ndani ya kibanda hicho, kila jioni ya wiki ile, alikuwemo sajini Lumbala, mume wake.

Mzee akatoa darubini, ile ya macho mawili wanayoiita jumelle, akaielekeza kambini. Kisha akafanya lile lililomnyima Feza usingizi. Alinyoosha mkono mbele, akakunja ngumi. Akaishusha. Akainua vidole viwili, akavitazama kwa jicho moja, halafu akaandika kitu katika daftari.

Usimcheke Feza. Lumbala alipokuwa akifundisha vijana wapya, alizifanyia mazoezi ishara za kazi nyumbani, kati ya sufuria na ndoo, na Feza akazishika kabla ya hao vijana wenyewe. Ngumi juu: simameni. Vidole viwili: wawili wanakuja. Sasa raia anayeongea kwa mikono kuelekea kambini, anaongea na nani?

Tena mzee alikuwa na maswali. Kila asubuhi, akichota maji, anauliza juu ya uzio, "Mama Feza, unaona leo mawingu itatoka?" Kila asubuhi! Mtu hana shamba, hana nguo za kuanika, mawingu ya nini? Ndege ndizo zinazotaka anga safi.

Kule Kivu alikotoka, Feza alikuwa na kaka, Jessé, askari naye. Mtaani kwao kulikuwa na muuza sabuni, mpole, mwenye salamu tele, ambaye jioni alikaa mlangoni akihesabu malori ya jeshi. Feza alimwona. Alimwambia Jessé, na Jessé akacheka. Wiki mbili baadaye walimleta Jessé amefungwa ndani ya shuka, na muuza sabuni hakuonekana tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Feza alikuwa ameumwa vya kutosha. Hatamzika Lumbala naye. Hilo alilikata moyoni.

Alhamisi, Lumbala akifunga kamba za viatu, Feza akalitoa.

"Lumbala, ule muzee anakutazama. Anafanya alama na mikono."

"Muzee Philémon?" Lumbala akacheka mpaka kiatu kikamponyoka. Yeye alikuwa mtoto wa Kamina hapahapa. "Ule alinifundisha géographie! Alinichapa juu ya mito ya Congo. Ah, Feza, hata kivuli yako iko inakuogopesha."

"Jessé naye alicheka."

Kicheko kikakatika. Lumbala akainama, akamaliza kamba zake polepole.

"Basi uniletee kintu ya kushika," alisema. "Minyi siwezi kuenda kwa mukubwa na maneno ya ku uzio."

Kitu cha kushika. Usiku mzima Feza aligeuka kitandani akilitafuta. Daftari na darubini mzee hutembea navyo ndani ya mfuko wa turubai begani, hata kanisani. Utauchukua lini?

Jibu alilipata Ijumaa, nalo lilimtia aibu kidogo, ila hakulikataa.

Saa kumi na mbili jioni tarumbeta inalia kambini, bendera inashushwa, na kila kitu kinasimama. Mtaa mzima unaopakana na kambi umeshika desturi hiyo. Mwenye baiskeli anashuka. Muuza muhogo anaganda na kipimo mkononi. Mtoto anauacha mpira uende zake. Uso kwenye bendera, mikono ubavuni, hakuna anayegeuza kichwa mpaka tarumbeta inyamaze. Mke wa askari hata kuku wake anamfundisha kutulia.

Tarumbeta ikalia. Mzee Philémon ndiyo kwanza alikuwa ameufikia mguu wa kichuguu. Akavua kofia, akauweka mfuko chini nyuma yake, kwa kuwa kwake yeye hakuna kusimama mbele ya bendera na mzigo begani, akanyooka wima.

"Anajifanya," Feza alinong'ona. Akapenya kwenye pengo la uzio. Watu wote wa mtaa walikuwa wamesimama kama miti, na yeye peke yake anatembea, kandambili zinampiga visigino, pwa, pwa. Aliudaka mfuko. Mgongo wa mzee haukutikisika. Kabla sauti ya mwisho haijakatika, Feza alikuwa nyuma ya jiko lake.

Akafungua daftari. Yesu wangu! Kulikuwa na picha ya tangi la maji, na nguzo zake zote nne. Chini yake siku na saa. Jumamosi, ngumi mbili. Jumapili, ngumi moja na vidole vinne. Kila siku hesabu hiyo ilishuka karibu zaidi na tangi, na mbele ya kila siku kulikuwa na msalaba. Misalaba sita. Feza alikwisha kuona misalaba ya mbao ikipangwa hivyohivyo, kwenye udongo mbichi. Mstari wa mwisho ulisema: Ijumaa. Vidole vitatu juu ya tangi. 18h45. Leo ao basi.

Leo! Alitoka mbio na mfuko. Giza lilikuwa linaingia, na anga, kwa mara ya kwanza wiki ile, lilikuwa safi, halina wingu. Alifika kwenye waya wa kibanda pumzi zimemwishia.

"Lumbala! Adui banakuya! Leo, saa hii!"

Lumbala alisoma daftari kwa tochi. Feza aliuona uso wake ukibadilika. Mume wake akaangalia saa, akasogeza bunduki begani, akanyoosha mkono kuelekea tangi. Akainua vidole vitatu. Kisha akaweka darubini machoni.

"Ni ndege?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

Akampitishia darubini juu ya waya. "Angalia weye mwenyewe."

Feza akaangalia. Juu ya tangi kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kama tone la maziwa lililopakwa na kidole, mkia wake umeelekea juu. Hakikusogea. Hakikumjia mtu yeyote.

"Nyota ya mukia," alisema Lumbala. "Kometa. Ngumi na vidole ni ya kupima mbingu. Kila mwaka alituhadisia mu classe: moja ilipita yeye akiwa kijana, na yeye eko mu kitanda na malaria. Akaikosa. Alisema, ingine ikikuya, Mungu akinipa macho, nitaiona." Akatazama tena daftari. "'Leo ao basi.' Feza, unafanya nini hapa? Kimbia! Mupelekee vintu vyake!"

Hajawahi kukimbia vile, hata siku ya kutoka Kivu. Kandambili moja ilibaki njiani. Alipopenya uzio, mzee alikuwa amekaa juu ya kichuguu, mikono mitupu, macho yake yenye ukungu wa uzee yameelekea machweo. Feza akapanda kwa magoti, akamwekea darubini mikononi. Mzee akaangalia. Akatafuta kushoto, kulia, akarudi juu ya tangi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni.

"Imeingia," alisema.

"Mwalimu, ni minyi niliiba mfuko. Nilizani unatuuzisha kwa adui. Unisamehe, baba."

"Najua ni weye. Nilisikia kandambili yako."

"Ulisikia? Na haukugeuka?"

"Bendera ilikuwa inashuka, mama."

Aibu ikamwaka usoni. Alitaka kichuguu kifunguke kimmeze. Wiki nzima alimwita huyu mzee msaliti, na aliyetembea mbele ya bendera alikuwa yeye.

"Itarudi lini?"

"Kiisha myaka elfu moja na zaidi." Mzee alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Sitangoja." Kisha akamgeukia, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Weye uliiona?"

"Niliiona."

"Mukia ilikuwa ku yulu ao chini?"

"Ku yulu."

"Vidole bingapi?"

Feza akanyoosha mkono kuelekea tangi, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Mzee akamgusa kiwiko. "Nyoosha yote, kama hii." Akanyoosha. Akainua vidole vitatu.

Mzee akafungua daftari magotini, akauweka uso karibu na karatasi.

"Na hii misalaba?" Feza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siku za mawingu. Siku zenye nilihesabu pahali yake na sikuona kintu."

Akampa kalamu. Feza alikataa, mzee akamsukumia mkononi. "Mwenye aliona ndiyo mwenye kuandika. Ni sheria." Feza akaandika tatu, akaandika jina lake, kisha akasubiri mzee atie msalaba wake. Mzee alifunga daftari bila msalaba, akamwomba amshike mkono, wateremke.