Siku Dohani Ilipolala

Mtu akikwambia tofali halina roho, mwambie aje asimame chini ya dohani siku inapoangushwa.

Dohani ya kiwanda cha nyuzi ilikuwa imetoa moshi na kisha kusimama bure, jumla miaka tisini. Chini ilikuwa nene kama nyumba, juu nyembamba kama shingo ya chupa, na ukiitazama huku mawingu yanapita, ungeapa kwamba ndiyo inayotembea. Kiwanda chenyewe kilikufa zamani. Mashine zilikwenda, mapaa yakafuata, popo wakarithi ofisi ya meneja. Dohani ikabaki peke yake, na sasa ilikuwa na ufa shingoni, ikidondosha matofali kwenye njia ya watoto wa shule. Hapakuwa na namna. Ilibidi iende.

Aliyepewa kazi hiyo ni mwanamke waliyemwita Kipimo, kwa sababu tangu utotoni hakukubali kitu kabla ya kukipima. Aliongoza waashi saba. Tena alikuwa binti wa mwashi aliyeitunza dohani ile miaka thelathini na moja, mzee ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Chokaa. Hakuna fundi katika kundi lile ambaye hakuwahi kulambwa kofi la mgongo na mzee huyo kwa kosa la kutia saruji kwenye ukuta wa chokaa. "Chokaa inapumua," angefoka, "saruji ina shingo ngumu! Unataka kuunyonga ukuta?"

Njia yao ya kuangusha ilikuwa ya kizamani. Upande wa mashariki, mbele ya uwanja mtupu, walitoboa matofali ya chini kidogo kidogo, na kila walipotoa tofali waliingiza gogo. Mwishowe karibu nusu ya dohani inakuwa imekaa juu ya magogo. Kisha magogo yanachomwa. Upande ule ukilegea sawasawa, dohani inapiga goti na kulala uwanjani. Sehemu moja ikikaza, dohani inajipinda na kwenda inakotaka. Na kusini, hatua arobaini tu, palikuwa na safu ya nyumba kumi na mbili za waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda. Wenyewe walikuwa wamesimama nyuma ya kamba na vikapu vyao na redio zao, lakini nyumba haibebwi kichwani.

Kwa hiyo Kipimo alikuwa amepima kila kitu, na pale asipoweza kupima, aliuliza. Wiki moja kabla, mezani, kalamu mkononi, alimuuliza baba yake: "Baba, pale chini mliwahi kuziba mahali?"

"Hakuna," mzee alijibu, akaendelea kula. "Pako vilevile alivyopaacha aliyejenga."

Kwa kuamini neno hilo, Kipimo akachora mstari mwekundu wa mahali pa kutoboa, na kesho yake akaupaka rangi ukutani.

Asubuhi ya siku yenyewe magogo yalikuwa yamekwisha kumwagiwa mafuta ya taa wakati Mzee Chokaa alipoinama akapita chini ya kamba. Kelele, fundi aliyeitwa hivyo kwa mdomo wake, alimwona wa kwanza.

"Jamani, pisheni! Mzee amekuja kumzika mke wake wa pili!"

"Wa kwanza!" mama yake Kipimo alijibu kutoka nyuma ya kamba. "Mimi ndiye niliyemkuta!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliufuata mstari mwekundu taratibu hadi ulipoishia, upande wa kaskazini, akaweka kiganja ukutani, hatua moja mbele ya rangi.

"Baba, shikamoo. Rudi nyuma, tunawasha sasa."

"Msiwashe."

Mhandisi, kijana wa watu mwenye kofia mpya, akatazama saa. "Mzee wangu, barabara tumefungiwa mpaka saa sita tu."

"Hapa ndani kuna saruji," mzee akasema.

Kelele akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Saruji ya nani?" Kipimo aliuliza.

"Yangu."

Akaeleza akiwa ameuelekea ukuta, kama anayeuambia wenyewe. Mwaka aliozaliwa Kipimo, toroli la makaa liligonga pale likang'oa matofali. Chokaa ilikuwa bado imelowekwa pipani, ikihitaji wiki mbili zaidi, na msimamizi alitaka moto Jumatatu. Yeye, wakati huo mwashi kijana, akachukua saruji ya sakafu, akajaza tundu, kisha akapaka chokaa juu, unene wa kidole. Jumatatu msimamizi akaja, akagonga, akasifu. Akawa anawaleta wageni kuutazama ukuta ule. "Jina langu lilianzia hapa," mzee alisema. "Hapa hapa."

Kipimo akatazama ukuta, kisha nyumba kumi na mbili. Saruji ile isingebonyea. Upande wa kusini ungesagika, kaskazini ungekaza, na dohani ingegeuza uso kuzielekea nyumba.

"Nilikuuliza, Baba."

"Uliniuliza."

"Ukanitazama usoni ukasema hakuna."

"Ningekuambia wewe, ungewaambia hawa." Akageuka hatimaye, akawatazama waashi saba mmoja mmoja. "Na hawa nimewapiga migongo."

Kipimo alikuwa na maneno makali tele mdomoni. Lakini mzee angeweza kukaa kwake na siri yake na kuomba mabaya yasitokee, na badala yake alikuwa amekuja kujivua nguo mbele ya wanafunzi wake. Kipimo akayameza yale maneno. Akamkabidhi chaki.

"Nichoree. Inaanzia wapi, inaishia wapi."

Mzee akachora, na mstari ulinyooka. Kelele akachukua patasi, akapiga. Ngozi ya chokaa ikaanguka, na ndani yake kukachungulia ukuta wa kijivu, mgumu kama jiwe.

"Mzee," Kelele alisema bila kugeuka, "yale makofi yangu kumi na manne nitarudishiwa lini?"

"Geuka nikuongeze la kumi na tano."

Hapo ndipo wote walipopumua. Saa tatu nzima walichimba kwa zamu, mzee naye akiwaonyesha kila inchi, wakatia magogo manne pale ilipokuwa saruji, wakapima upya pande zote mbili. Mhandisi alikwenda mwenyewe kuwabembeleza askari wa barabarani, akarudi amepata saa moja ya nyongeza.

Kipimo akawasha.

Moto ulipanda polepole, kisha wote mara moja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Redio zilizimwa moja baada ya nyingine. Halafu, kule juu kabisa, kinywa cha dohani kikasogea mbele ya wingu, kidogo, kama mtu mzima anayeitikia salamu. Wingu safari hii lilikuwa limetulia. Gogo likapasuka, la pili, na yale manne ya kaskazini yakapasuka pamoja na mengine. Miaka tisini ikainama kuelekea mashariki bila haraka hata kidogo, ikiwa nzima, yenye adabu, na katikati ya anga ikakatika mara mbili bila sauti. Sauti ilikuja baadaye, kutoka ardhini, ikapitia nyayoni ikapanda hadi menoni. Vumbi likafunika jua.

Watu waliokuja kushangilia hawakushangilia. Wanaume walivua kofia bila kujua ni kwa nini.

Vumbi liliposhuka, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimesimama, nyeupe kwa unga. Kipimo akatembea kandokando ya dohani iliyolala, hadi uwanjani mbali ilipofika ncha yake. Akasimama. Ukingo wa juu ulikuwa umezungushiwa maua ya matofali, kila ua na petali sita, yamepangwa kwa mkono kwa ustadi ambao alikuwa hajawahi kuuona. Kutoka chini hakuna jicho lililoweza kuyafikia.

Mzee alifika akihema.

"Baba, ulikuwa unajua kuna haya?"

"Nilikuwa nayaosha. Kila mwaka, nikipanda."

"Nani aliyekutuma?"

"Nani angenituma? Hakuna aliyejua yapo."

Kipimo akapiga magoti kwenye kifusi, akaanza kulitoa ua la kwanza kwa vidole. Baba yake akachuchumaa upande wa pili, akalishikilia lisivunjike.